Ofisi ya Baba Chini ya Pazia

Gari ninaloendesha sasa lina pazia nyuma, lile la kuvuta, na kila nikitoka sokoni mkono wangu hulivuta kabla akili haijaamua. Naweka viazi, naweka dumu la mafuta, navuta pazia, nachomeka ncha zake huku na huku, nafunga mlango. Binti yangu hunicheka. "Mama, nani ataiba viazi?" Huwa simjibu. Ni uchovu tu, na habari yenyewe ni ndefu. Lakini mwezi uliopita ndugu yetu mmoja alituomba tumbebee mzigo wa mitumba, tukauweka humo nyuma ukalala siku mbili. Nilipofungua ule mlango harufu ilinipiga usoni: dawa, vumbi la mbali, kitambaa kilichokaa gizani muda mrefu kikibanwa na waya. Nilisimama pale nimeshika mlango, nisijue nilichokuwa nimefuata.

Kwa zaidi ya mwaka mzima wa utoto wangu niliamini kwamba hiyo ndiyo harufu ya ofisi.

Mliokuwa watoto wakati ule mtakumbuka. Maduka ya foleni yalikuwa yamekwisha, sabuni zenye kunukia zilianza kuonekana, na watu wazima walitamka neno "ruksa" kila walipoona kitu kipya barabarani. Ndipo yalipoanza kuja pia magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumiwa huko kwao. La kwetu lilikuwa jeupe, refu, lenye mgongo ulionyooka hadi nyuma. Stesheni wagoni, alisema Baba, na sisi tukalirudia neno hilo mpaka likawa kama jina la mtu. Siku lilipofika kijijini kwetu Kisiba watoto wa pande zote waliacha mbuzi na ndoo wakaja kulitazama. Baba alifungua mlango wa nyuma akatuonyesha ajabu yake. Nyuma ya kiti kulikuwa na mwanzi mweusi wa plastiki uliolala kwa upana wa gari, na ndani ya mwanzi kitambaa kizito cha kijivu kilichojiviringisha kwenye springi. Ukishika mkono wake ukavuta, kilitoka taratibu kama ulimi, mpaka ncha zake mbili zikafika kwenye vishimo kando ya mlango, ukachomeka. Hapo chochote kilichokuwa nyuma kilifunikwa.

Alituruhusu kila mmoja avute mara moja. Zamu yangu ilipofika nilichomoa ncha nikaachia, na pazia likarudi lenyewe, fyaa, likagonga mwisho kwa kishindo. Watoto walishangilia. Baba hakushangilia.

"Hapana, mama," alisema. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Unainua kidogo, unavuta kuja kwako, ncha inatoka. Halafu usiachie. Unalisindikiza mpaka nyumbani kwake."

Akaniwekea mkono wake juu ya wangu, tukalisindikiza pamoja.

Baba alikuwa meneja wa ghala katika shirika lililokuwa likinunua kahawa, na ofisi yake ilikuwa Tukuyu mjini. Nyumbani hata wazee walimwita Meneja, na kanisani alikaa benchi la mbele na wazee wa kanisa. Shirika lilikuwa limeanza kupunguza watu. Baba alikuwa miongoni mwao, na gari lile lilitokana na kiinua mgongo chake, lakini hayo niliyajua baadaye. Nilichokisikia mimi, nikiwa jikoni nakoka moto wa kuni mbichi, ni Mama akimwuliza sebuleni:

"Kwa hiyo ofisi wamefunga kabisa, Baba Ipyana?"

Ipyana ni kaka yangu. Wakati huo alikuwa shule ya bweni, Iringa.

"Wamefunga."

"Na wewe?"

"Ofisi yangu sasa ni hilo gari."

Nilikuwa na miaka minane, na mtoto wa miaka minane huchukua neno kama alivyopewa. Nilielewa kwamba ofisi imehamishiwa ndani ya gari. Iliniingia akilini bila shida yoyote. Niliwahi kwenda ofisini kwake Tukuyu: kulikuwa na meza, taipureta, mafaili yaliyofungwa kwa kamba nyekundu, na mhuri uliokuwa ukigongwa kwenye wino wa zambarau. Nilipiga hesabu ya vitu hivyo kichwani nikaona vingeenea, hasa meza ikikunjwa miguu. Na kweli, tangu wiki ile pazia la kijivu lilikuwa limevutwa siku zote. Halikufunguliwa tena kwa ajili ya watoto. Jumamosi tulipoosha gari mimi niliachiwa milango na magurudumu, nyuma aliosha mwenyewe.

Asubuhi aliondoka kama zamani. Alivaa shati jeupe na tai, akabeba mkoba wake, akapasha gari moto huku ukungu umefunika migomba hata usione choo kilipo. Jioni alirudi na tai imekunjwa mfukoni. Viatu vilikuwa na matope ambayo hayakuwa ya kwetu, na sauti ilikuwa imemkauka hata salamu yetu aliijibu kwa kichwa. Mama alimchemshia maji ya tangawizi. Mara nyingi alisinzia mezani kijiko kikiwa mkononi, na Mama alikiondoa polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

"Mbona Baba hasemi?" niliuliza.

"Amechoka. Ofisini kuna watu wengi siku hizi."

Nilimwonea huruma. Niliwaza watu wote hao wakijipanga nyuma ya gari, mmoja mmoja, wakisubiri mhuri.

Siri hiyo nilimpa mtu mmoja tu, rafiki yangu Tupo. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya kijito kutoka kwetu, na baba yake alikuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe huko Kiwira, akija mara moja kwa mwezi. Tupo hakuamini. Nikampeleka gari likiwa limeegeshwa, tukabandika pua kwenye kioo cha nyuma. Tuliona kijivu tu, na kibandiko chenye maandishi ya Kijapani yaliyofanana na vibanda vidogo vidogo.

"Nusa," nilimwambia, nikamwonyesha mpira wa mlango.

Akanusa. Akanusa tena, amefumba macho.

"Ni karatasi," alisema kwa heshima.

"Na wino," niliongeza.

Baada ya hapo Tupo alinitazama kwa jicho jingine, nami nilitembea shuleni kama mtoto wa mtu mkubwa. Wakati huo wenzetu wengi walikuwa na baba waliorudi nyumbani kukaa kimya vibarazani. Baba zao walipoteza ofisi. Wangu alikuwa ameondoka nayo.

Jumapili ninayotaka kuisimulia mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ile mvua yetu isiyo na haraka. Mama Tupo alikuwa mwimbaji wa kwaya, na alikuwa na mimba kubwa, bado mwezi mmoja hivi. Ibada ilipokwisha tulikuwa tumesimama barazani mwa kanisa tukingoja mvua ipungue. Nilimwona akishika nguzo. Kisha akaketi chini pale pale kwenye saruji, na mama mmoja akapiga yowe. Kanga zilivuliwa mabegani zikamzunguka. Katikati ya miguu ya watu wazima niliona maji ya mvua barazani yamebadilika rangi.

Gari la usharika lilikuwa limekwenda Mbeya. Lililobaki lilikuwa moja.

"Meneja! Lete gari!"

Baba alikwishakimbia. Alirudisha gari kinyumenyume hadi kwenye ngazi, akashuka, akafungua mlango wa abiria wa mbele.

"Akae hapa," alisema.

Bibi mkunga, mwanamke mwembamba aliyewapokea duniani nusu ya watu waliokuwa pale, alitikisa kichwa. Alikuwa amepiga magoti, mikono yake imelowa. Kiswahili chake kilikuwa na matamshi ya Kinyakyusa, na wanaume wote aliwaita Tata, yaani baba.

"Hawesi kukaa, Tata. Alale. Mtamlasa nyuma."

"Nyuma kumejaa."

"Kumejaa nini?"

Watu walikuwa wanamtazama. Mvua ilikuwa inamwagika juu ya shati lake jeupe, likaanza kumganda mwilini.

"Vitu vya ofisi," alisema.

Mzee mmoja wa kanisa alikwenda mwenyewe akafungua mlango wa nyuma, ukapanda juu. Pazia lilikuwa limevutwa hadi mwisho, ncha zimechomekwa, limetuna katikati kwa vilivyokuwa chini yake. Baba aliwahi kuweka kiganja juu yake.

"Nipeni dakika tano," alisema. "Nikimbie nyumbani nishushe, nirudi. Dakika tano tu."

"Fitu ni fitu," bibi mkunga alisema bila kuinua sauti. "Mtu ni mtu."

Hapo ndipo nilipojipenyeza. Nataka nieleweke. Sikuwa namwasi Baba, wala sikuwa nimemhukumu. Mama Tupo alikuwa anaugua chini pale, binti yake amesimama kando ya ngazi kama kijiti, na mimi peke yangu katika watu wote wale nilijua kilichomo nyuma na jinsi pazia linavyofunguka. Niliona Baba anaogopea taipureta kulowa. Nilitaka kumsaidia: tungeitoa meza, tungeziweka karatasi kanisani. Niliinua ncha ya kulia kidogo, nikavuta kuja kwangu, ikatoka. Nikafanya hivyo na ya kushoto. Kiganja cha Baba kilikuwa bado juu ya kitambaa. Nikaachia.

Fyaa.

Kulikuwa na suruali za wanaume, zimefungwa kumi kumi. Masweta. Makoti mazito ya nchi za baridi, yenye manyoya shingoni. Kamba ya katani, na juu yake sidiria nyingi za rangi ya waridi zimetungwa kama samaki. Kulikuwa na kofia ya majani na koti chakavu la kazini ambalo sikupata kumwona nalo, na mfukoni mwa koti hilo ilichungulia filimbi ya bati.

Mtu alicheka, mara moja, akanyamaza.

"Kumbe Meneja..." alisema yule mzee wa kanisa, na hakumaliza.

Baba aliniangalia. Nilingojea hasira, nayo haikuja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba ndoo kichwani kutoka bondeni, akafika mlangoni, ikamwagika. Kisha aliinama ndani ya gari. Alilaza kiti cha nyuma, akakata kamba ya furushi kwa meno, akaanza kutandika. Koti juu ya koti, sweta juu ya sweta, haraka haraka, akichagua yale mazito na mapya mapya ambayo bila shaka ndiyo yalikuwa mtaji wake. Alitengeneza kitanda kutoka mlangoni hadi migongoni mwa viti vya mbele. Walimlaza Mama Tupo. Bibi mkunga akapanda naye, Mama yangu akapanda mbele, na gari likaondoka likiteleza kwenye matope kuelekea Tukuyu.

Mimi na Tupo tulibaki mvuani. Vitu vingine vilikuwa vimeanguka: suruali mbili, zile sidiria, kofia. Tulianza kuviokota kwa sababu hatukujua la kufanya. Watu wazima walikuwa wamerudi barazani, wakisema kwa sauti za chini.

"Ofisi yenyewe iko wapi?" Tupo aliniuliza.

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kweli. Nikaanza kukamua maji kwenye suruali ya mtu nisiyemjua.

Walirudi kesho yake mchana. Mama Tupo alikuwa hai, amelazwa. Mtoto hakuishi. Alikuwa wa kiume.

Nilijificha migombani kwa sababu nilikuwa na hakika nitachapwa, na kutoka kule nilimsikia Baba akisema na Mama uani.

"Nilisema dakika tano."

"Nesi amekwambia yule mtoto alikuwa amekwisha kabla hatujafika hata barabara kubwa. Kabla hatujaondoka, labda."

"Nilisema dakika tano, Mama Ipyana. Kwa ajili ya suruali."

"Hukuzichukua hizo dakika."

"Kwa sababu ya mtoto."

Sikujua mtoto yupi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ni mimi.

Aliponiita nilitoka. Alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, shati lile lile la jana.

"Nilikwambia ulisindikize," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Ndiyo." Akafuta uso kwa mkono wote. "Basi. Nenda kale."

Ni Mama aliyekuwa na hasira, na hasira yake haikuwa ya lile nililolifanya. Jioni hiyo nilimwuliza kama ni kweli Baba hana ofisi. Alikuwa anamenya ndizi. Aliitupa ile ndizi kwenye sufuria.

"Wewe ulifikiri sukari inatoka wapi? Ada ya Ipyana? Hizo ndala ulizovaa? Baba yako anasimama juani mnadani Mbalizi, anasimama kwenye vumbi la Kyela, anapiga filimbi na kupiga kelele kutwa, kwa watu wasiomjua, ili hapa mwendelee kumwita Meneja." Akachukua ndizi nyingine. "Mimi nilimwambia auze hapa hapa Tukuyu. Hakutaka. Haya."

Habari zilienea, kama zinavyoenea. Wakampa jina, Meneja wa Makoti, na lilisemwa zaidi kwa utani kuliko kwa ubaya. Jumapili iliyofuata Baba hakukaa benchi la mbele. Alikaa la mwisho, karibu na mlango, kati ya wazazi wenye watoto wadogo. Walimwita arudi, mchungaji mwenyewe alikuja nyumbani, akanywa chai, akazungumza kuhusu kazi za mikono na heshima yake. Baba alimsikiliza kwa adabu. Aliendelea kukaa nyuma. Kilichomweka kule hakikuwa mitumba. Mama alijua, nami nadhani nilijua, lakini katika nyumba yetu mambo ya namna hiyo hayakuwa na mahali pa kuanzia.

Shuleni walinitania siku mbili tatu. Tupo hakunitania. Tuliendelea kwenda mtoni pamoja, ila hatukuwa na mengi ya kusema.

Baada ya kama miezi miwili Baba aliacha kwenda mbali. Alipata nafasi kando ya soko la Tukuyu, akawa anaegesha gari kinyumenyume, anafungua mlango wa nyuma, na kutundika nguo kwenye kamba kutoka pale hadi kwenye nguzo. Jumamosi moja alinichukua. Nilimsikia akinadi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa sauti nisiyoijua, kubwa, yenye mizaha, nusu Kiswahili nusu Kinyakyusa, ikiwavuta kina mama kwa majina ya ukoo na kuwafanya wacheke huku wakigeuza makoti ndani nje. Nilimkodolea macho. Kila mteja alipoondoka sauti ile ilizimika, mabega yakashuka, akabaki yule wa nyumbani. Akija mwingine, alivuta pumzi akaanza tena. Sikuwa nimewahi kuona mtu akifanya kazi. Nilikuwa nimewaona watu wakilima tu.

Karibu na saa saba nilimwona Mama Tupo. Alikuja taratibu katikati ya watu, amekonda, amebeba kichwani furushi lililofungwa kwa kanga. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu atoke hospitali. Alilishusha juu ya ukingo wa gari, akalifungua. Yalikuwa makoti yale, na masweta, yote yamefuliwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa kwa mistari iliyonyooka. Harufu ile haikuwepo tena. Yalinukia sabuni na moshi wa mkaa wa pasi.

"Nimeleta nguo zako, Tata," alisema.

Baba aliondoa kofia yake ya majani.

"Hizo ni zako, mama. Mimi sikuziulizia."

"Najua."

"Baridi inakuja. Avae Tupo."

"Siwezi kukaa nazo ndani," alisema Mama Tupo. Alisema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Nimefua mara tatu. Nimejaribu. Siwezi."

Baba alizipokea kwa mikono miwili. Alisimama nazo, hakujua aziweke wapi, maana kwenye kamba hazikuwa za kwenda. Mwishowe akaziingiza mbele, kwenye kiti cha dereva. Mteja mmoja aliyekuwa ameona koti la bluu juu ya nguo hizo akauliza bei yake. Baba akajibu kwa sauti yake ya nyumbani kwamba haliuzwi.

"Ndaga fijo," Mama Tupo alisema, ahsante sana, ila sikujua anashukuru nini.

"Dakika zile," Baba alianza.

"Usiseme, Tata."

"Ziko hapa." Akajigusa kifuani.

"Najua ziko wapi. Mimi pia nina zangu. Nilisikia uchungu tangu alfajiri, nikasema nimalize kwanza kuimba." Akakunja kanga yake tupu, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama kitambaa cha mkononi. "Nimechoka kusimama. Unayo nafasi hapo?"

Baba akasogeza suruali. Wakaketi wote wawili kwenye ukingo wa nyuma ya gari, nafasi ya mtu mmoja katikati yao, chini ya mlango ulioinuliwa. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mabati ya soko. Mvua ilipoanza, wateja walikimbilia mabandani, na nguo zilizokuwa kwenye kamba zikaanza kulowa, na Baba hakuinuka kuzianua. Nilikwenda nikakaa chini mbele yao, pale maji yalipokuwa hayafiki, mgongo wangu ukiegemea miguu yao, mmoja huku na mwingine huku. Tulikaa hivyo tukiitazama mvua.